Bweni Lililokwenda Zake

Jumatatu asubuhi mkurugenzi wa wanafunzi wa kigeni alifika kazini na chupa yake ya chai kwapani, akakuta bweni la wageni limesogea. Halikuwa limesogea sana. Lilikuwa limeshuka kwenye msingi wake na kukanyaga maegesho ya baiskeli, na mabomba ya maji yalikuwa yamelifuata nyuma yakiburuta nyasi. Wanafunzi walikuwa wakitoka na miswaki mdomoni, wanaruka dimbwi, wanawahi vipindi. Bwana Majengo, msimamizi wa nyumba zote za chuo, alilizunguka mikono nyuma, akagonga ukuta mara mbili, akasema nyumba ni nzima, ila baiskeli za watu ndiyo basi tena.

Jana yake jioni waziri alikuwa amesema redioni kwamba nchi imechoka kulea watoto wa wenzake. Watu walipiga makofi. Redio zilikuwa zikilia hata humo bwenini, kwa hiyo lilisikia.

Chuo kizima kilimwita mkurugenzi Mama Ulimwengu, na jina lenyewe alilipenda. Wageni wapya walipofika, yeye mwenyewe alikwenda kuwapokea uwanja wa ndege, akamnyang'anya kila mmoja begi na kulibeba hadi kwenye basi, akisema, "Karibu nyumbani, mwanangu." Alisema kwa moyo, tusimsingizie. Binti yake wa pekee alikuwa akisoma ng'ambo, na kila alipobeba begi la mtoto wa mwenzake alijiambia kwamba huko nako yuko mama anayembebea wake.

Kila mara waziri alipofungua kinywa, bweni lilijongea. Lilikatiza uwanja wa mpira, likakaa wiki nzima nyuma ya maktaba na kuizibia mwanga. Chuo kilizoea. Vipindi vya wageni vilicheleweshwa kidogo ili wapate muda wa kutembea. Mkuu wa chuo alisimama mkutanoni akajisifu kwamba vyuo vingine vina wageni, lakini ni chuo chake tu chenye bweni linalotembea, akaagiza lipigwe picha ya kalenda. Jamani! Mtu anafukuzwa, wewe unamwambia atabasamu.

Siku lilipovuka uzio na kulala ng'ambo ya barabara, Profesa alikuja ofisini kwa mkurugenzi. Hakuwa profesa, alikuwa mwanafunzi wa bweni lile; wenzake walimpa jina hilo kwa utani, maana alikuwa hatoki maabara, akitafiti namna ya kusafisha maji ya visima vya kwao. Visigino vya viatu vyake vilikuwa vimelika upande. Alibakiza kutetea tasnifu tu, na hapo ndipo palipokuwa na kigingi. Chuo kile kina desturi yake ya tangu enzi na enzi: siku ya kutetea, mlinzi wa geti husimama mbele ya watahini na kutamka kwamba huyu amelala ndani ya uzio siku zote za masomo yake. Asipotamka, hakuna shahada. Na mlinzi alikuwa mtu mkweli.

"Mama, mimi sikuhama," Profesa alisema. "Kilichohama ni kitanda."

"Najua, mwanangu."

"Basi nisemee kwenye baraza la chuo. Neno moja tu, wanivumilie."

Mkurugenzi aliahidi. Lakini mkataba wake wa kazi ulikuwa ukingoni, na Mkuu wa chuo alikuwa ameshamshika bega kwenye korido, akamnong'oneza kwamba siku hizi si vizuri mtu kuonekana amewakumbatia mno wageni. Basi barazani, zamu yake ilipofika, alisimama, akakohoa, akanywa maji, akauliza kama viti vya ukumbini vitapigwa vanishi kabla ya mahafali. Wakamjibu kwamba vitapigwa. Akaketi. Ulikuwa woga, na aliujua kwa jina lake.

"Vuta subira kidogo, mwanangu," alimwambia Profesa walipoonana. "Huu ni upepo tu, utapita." Kisha akalia. Yalikuwa machozi ya kweli kabisa, hata Profesa ndiye aliyembembeleza.

Asubuhi moja bweni lilionekana juu ya kilima, limeelekea mpakani, nguo zikiwa bado kwenye kamba. Profesa alikuwa dirishani akikunja shuka. Alimpungia mkurugenzi mkono, na mkurugenzi naye akampungia. Kesho yake kilima kilikuwa kitupu. Mwisho wa mwezi mkataba uliongezwa.

Muda si muda, alasiri moja watu wakitoka kazini, jengo lingine likaja na barabara ileile kutoka kule lile lilikopotelea. Lilikuja polepole, limechoka. Paa lake lilikuwa la mteremko mkali, la nchi za theluji, na magugu ya bahari yalikuwa yamening'inia kwenye madirisha ya chini. Liliingia getini, mlinzi akalifungulia, likakaa juu ya ule msingi mtupu, ukadhani fundi mmoja ndiye aliyeyapima yote mawili. Bwana Majengo akasema sawa, sasa tatizo ni mabomba. Mlango ukafunguka, wakaanza kutoka vijana wa hapahapa nchini waliokuwa wakisoma ng'ambo. Wa mwisho alikuwa binti wa mkurugenzi, amekonda.

Mkurugenzi akamnyang'anya begi kwa mazoea. "Karibu nyumbani, mwanangu."

"Nilibakiza mtihani mmoja, mama."

"Kwani hakuwepo hata mtu wa kukusemea?"

"Alikuwepo. Mama mmoja wa ofisi ya wageni." Binti alifikiri kidogo. "Alikuwa mtu mzuri sana. Alilia."

Mkurugenzi aliliweka begi chini, akalichukua tena, wakaenda nyumbani.

Jumatatu alifika kazini na chupa yake ya chai kwapani. Mkuu wa chuo alikuwa ameshaagiza bweni jipya lipakwe rangi, lipigwe picha ya kalenda. Mlangoni kwa mkurugenzi palikuwa na foleni, na binti yake alikuwa kwenye foleni hiyo pamoja na wenzake. Ilipofika zamu yake aliingia, akabaki amesimama, akauliza kama angeweza kuufanyia mtihani wake hapa.

Desturi ilikuwa ileile. Hakuwa amelala ndani ya uzio siku zote za masomo yake, na mlinzi alikuwa bado mtu mkweli.

"Vuta subira kidogo, mwanangu," mkurugenzi alisema.

Binti akamtazama usoni, kuona kama atalia.