Shanga Chini ya Soksi

Sista Velichka alikuwa na amri moja wodini kwetu, na aliitoa kila zamu ikianza: "Chochote tulichomfunga mgonjwa sisi, kiinue uone ngozi iliyo chini yake." Mpira wa oksijeni nyuma ya masikio, kidude cha kupima mapigo kidoleni, soksi za kubana za kuzuia damu isigande miguuni, vyote. Mimi Gancho, msukuma vitanda, ndiye niliyekuwa nainua miguu ya watu huku yeye anachungulia.

Bibi Tsonka wa kitanda cha nne alikuwa amefanyiwa operesheni ya nyonga jana yake. Alikubali tumguse popote isipokuwa mguu wa kushoto.

"Huo mzima," akasema. "Mmepasua kulia, kachezeni na kulia."

"Bibi, soksi umevaa miguu yote miwili."

"Na wewe masikio unayo mawili, mbona husikii?"

Sista akaitwa chumba cha operesheni. Akaondoka akininyooshea kidole: "Nikirudi nikute soksi imevuliwa."

Nikajifanya nanyoosha shuka, nikapitisha mkono juu ya soksi. Pale juu ya kifundo, kitu kigumu, saizi ya dengu.

"Bibi, nini hiki?"

Akatazama dirishani. "Martenitsa yangu."

Ilikuwa tarehe kumi Machi. Hata mimi nilikuwa na uzi wangu mwekundu na mweupe, nimeubandika kwenye shati kwa pini. Kwetu ukishaufunga tarehe mosi huufungui mpaka uone korongo anayerudi baada ya baridi, ndipo uzima wa mwaka unakuwa wako. Bibi Tsonka alijua hospitali watamvua wa mkononi, basi akaufunga mguuni, na shanga zake tatu, na asubuhi ya operesheni akajivalisha soksi mwenyewe. Mjanja kuliko manesi wote wa zamu ile.

"Na hukusikia inakuchoma?"

"Nisikie na nini? Mmenidunga sindano ya mgongo, kiunoni kushuka nikawa gogo. Kisha mkanipa dawa za maumivu."

"Bibi, sikufichi. Shanga zikikandamiza hapo siku mbili, ngozi inakufa. Unapata kidonda, na mguu wenye kidonda haukanyagi."

Hapo Bibi akanigeukia. Mwanawe Rumen alishakwenda kuangalia nyumba ya wazee, akarudi anasifia bustani ya huko.

"Nikitoka hapa natembea, narudi kwangu," akasema taratibu. "Nikitoka nimekaa kwenye kiti cha magurudumu, Rumen ananipeleka kwenye bustani yake hiyo."

"Basi tufungue."

"Nifungue kabla ya korongo, halafu nitembee kwa uzima gani? Niletee korongo, Gancho."

Kumwambia mtu kama mimi hivyo ni kosa.

Baada ya dakika kumi nilikuwa juu ya paa la chumba cha kufulia, mbele ya dirisha la Bibi. Shuka jeupe mabegani, glavu nyekundu za mfagizi nimezivalisha miguuni juu ya viatu, mkononi miiko miwili ya mbao iwe mdomo wa korongo. Nikasimama kwa mguu mmoja nikaigonganisha miiko: ta-ta-ta-ta-ta! Wodi nzima ikaja dirishani na magongo yake.

"Bibi Tsonka, korongo!" wakapiga kelele.

"Korongo gani ana kitambi!" akajibu, anacheka hadi mpira wa oksijeni ukamtoka puani. "Huyo hata chura hawezi kumkamata!"

"Gancho!" Sauti ya Sista kutoka chini. "Shuka kabla sijakupandia!"

Nilishuka, nikamweleza yote tukipanda ngazi, glavu bado miguuni. Nilitegemea moto. Yeye akaenda moja kwa moja kitanda cha nne, akakaa pembeni.

"Mama Tsonka, mimi sina ugomvi na uzi wako. Nina ugomvi na mahali ulipokaa. Mbona Gancho ameuvaa kwenye shati? Huyu naye hatapata uzima wa mwaka?"

Bibi akanitazama kifuani, akatazama mguu wake.

"Ukikaa kwenye gauni ni uleule?"

"Uleule. Haujakutoka mwilini hata dakika. Nitaushika uzi upande huu, wewe upande ule, mpaka pini ifungwe."

Sista akaikunja soksi hadi kwenye kifundo, wakafanya hivyohivyo, wawili wameinama kama watoto. Kisha soksi ikavuliwa yote.

Alama tatu nyekundu. Sista akabonyeza kila moja kwa kidole, akaachia. Mbili zikawa nyeupe, kisha nyekundu tena: damu inapita. Ya katikati ikabaki nyekundu tu, haikubadilika: ngozi ilishaanza kuumia. Sikufanya mzaha.

Soksi haikurudi mguu ule mpaka daktari aseme. Tukaweka mto chini ya kigimbi, kisigino na kifundo vikaning'inia hewani bila kugusa kitu. Kila baada ya saa mbili mmoja wetu alikuja kutazama, na Bibi hakumtania yeyote.

Asubuhi yake Sista akabonyeza alama ya katikati. Akaachia.

Pakawa peupe. Kisha rangi ya waridi ikarudi polepole kutoka pembeni.

"Imerudi?" Bibi akauliza, haoni vizuri bila miwani.

"Imerudi."

"Bonyeza tena."

Akabonyeza tena. Bibi Tsonka akavuta blanketi pembeni na kunipa mkono.

"Haya, korongo. Nisimamishe."