Tundu Kwenye Bomba la Moshi

Gari la mke wangu lilifeli kipimo cha moshi mara ya kwanza siku ya Jumatatu, na nikacheka. Mimi nina miaka ishirini katika ufundi, gari linalala mlangoni kwangu, halafu karatasi iniambie linachafua hewa kuliko lori la mchanga. Nikamwambia mke wangu ampuuze mpimaji, mashine zao nazo huzeeka.

Jumatano likafeli tena. Sikucheka.

Mke wangu ni nesi. Kutwa anazunguka na gari hilo dogo kuwahudumia wagonjwa wasioweza kutoka vitandani, na stika ya zamani ya ukaguzi ilikuwa inaisha Ijumaa. Bila stika mpya gari haliingii barabarani, na wagonjwa tisa wangekaa na vidonda vyao wakimsubiri. Nilikuwa nimeshabadilisha plagi, nikaweka filta mpya ya hewa, nikaosha nozeli za petroli mpaka zikang'aa. Plagi zilitoka nyeusi kama sufuria ya kuni, maana yake injini ilikuwa inakunywa petroli kupita kiasi. Kwa nini inakunywa, hilo ndilo lililonishinda.

"Mpelekee Daktari alitazame," mke wangu akasema, huku akiikunja ile karatasi.

Alisema kawaida tu, kama mtu anayeomba apitishiwe chumvi. Mimi ilinichoma.

Daktari si daktari. Ni fundi mwenzangu, na karakana yake inatazamana na yangu, ng'ambo ya barabara. Walimpa jina hilo kwa sababu ya mashine yake ya kompyuta anayoichomeka chini ya usukani, na ile ovaroli yake isiyoshika doa. Miaka kumi na moja iliyopita alimposa mke wangu kabla yangu. Mke wangu akanichagua mimi kwa sababu, alisema mwenyewe, nilisikiliza injini ya gari lake dakika moja tu nikajua ugonjwa. Masikio haya ndiyo yaliyonipatia mke. Mtaani wapo wajinga wanaosema nesi alistahili kuolewa na Daktari, na wanahakikisha nasikia. Nina wivu, sikatai. Akinunua jeki mpya, naumwa. Akipaka ukuta wake rangi, wangu nauona gofu.

Alhamisi nililivusha gari saa saba mchana, mafundi wengine wakiwa wameenda kula.

"Karibu, kaka," Daktari akasema. Hakuuliza kilichonileta baada ya miaka yote hiyo. Hata hilo liliniudhi.

Akachomeka mashine yake, akazitazama namba, akaguna. Nikangoja aanze kujigamba.

"Sensa ya moshi inasema hewa imezidi, ndiyo maana kompyuta inaongeza petroli," akasema. "Lakini naona kama sensa inadanganywa. Hebu nizibie bomba huko nyuma na hili tambara."

Kisha akazima feni ya karakana, akalala chini ya gari. Alikuwa anasikiliza. Mtu mwenye mashine kama ile, amelala sakafuni anasikiliza, vilevile ninavyofanya mimi. Nililibana lile tambara kama nambana koo.

"Hapa," akasema. "Njoo uone."

Akamwagia maji ya sabuni kwenye kiungo cha bomba, mbele kidogo ya sensa, na mapovu yakachemka. Tundu lenyewe lilikuwa la ukubwa wa punje ya mtama. Hewa ya nje ilikuwa inapenya hapo, sensa inadhani injini ina njaa, petroli inaongezwa, na petroli isiyoungua inatoka na moshi. Na tundu lilikuwa katikati ya mshono niliouchomelea mwenyewe mwezi uliopita, kwa mbwembwe, mke wangu akinishikia taa. Siku tatu nilikagua gari zima isipokuwa pale, kwa sababu pale nilikuwa nimeshapita mimi. Nyani haoni kundule.

Daktari aliujua mshono ule ni wa nani. Mafundi tunajuana mikono kama walimu wanavyojua miandiko. Akajifuta vidole polepole.

"Kwa kuchomelea, wewe ndiye mkubwa mtaani hapa," akasema. "Kalizibe mwenyewe. Mimi sijaona kitu."

Afadhali angenicheka. Kicheko ningekirudisha.

Ijumaa asubuhi gari likafaulu. Mpimaji akabandika stika kwenye kioo, tukaondoka, mimi nikiendesha. Mke wangu akanigusa bega.

"Nilijua utaliweza," akasema. "Masikio yako hayana mfano."

Mpaka taa za kwanza za barabarani nilikuwa mfalme. Halafu utamu ukaisha.

"Si mimi," nikasema. "Tundu nililiacha mimi. Daktari ndiye aliyelisikia."

"Najua. Alinipigia jana jioni."

"Alikupigia?"

"Akaniomba nikusifu tu, nisiulize mengi. Alisema umetoka kwake umeinamisha kichwa."

Kumbe hata sifa zile zilikuwa zake, kaniletea kwa mdomo wa mke wangu. Injini ilinguruma taratibu, safi, haina kosa hata moja, na mimi ndani yake nilikuwa nawaka.

"Kwa hiyo ana namba yako," nikasema.

"Anayo. Mama yake ni mgonjwa wangu, mwaka wa tatu huu hainuki kitandani. Ndiye ninayeanza naye leo." Akatazama saa. "Kata kushoto, mume wangu, tumechelewa."

Nikakata kushoto. Miaka kumi na moja nimemchunguza yule mtu kila siku, jeki yake, rangi ya ukuta wake, macho yake yanatazama wapi, na sikujua kama ana mama.