Tulivyoagiza cha Moto

Baba wa mchumba wa mwanangu ni fundi saa, na uso wake nao ni wa saa: haucheki, unakutazama tu. Posa tulikwisha kupeleka, akasema atafikiri. Akafikiri mpaka mwanangu akakonda, shingo ikabaki ya kuning'inizia kola. Ndipo nikamwalika yeye na bintiye kwenye mgahawa wa Kithai. Nikatangaza kwamba vyakula vile navijua nje ndani, maana ujanani nilipika melini, na huko Thailand samaki waliruka wenyewe sufuriani wakisikia ni zamu yangu.

Tukaketi wanne, vitambaa vya meza vimenyooka kuliko sisi. Mhudumu, Mthai mwenyewe, alikuwa na Kiswahili cha kujifunza, safi kabisa. Mimi na meno yangu haya hatupatani na kilichopoa, basi nikamwambia supu ya kamba iwe ya moto. Akauliza, ya moto kweli? Nikamjibu, moto wa kuotea mbali, binti yangu, na ya bwana huyu vilevile. Akatutazama kwa huruma, akaenda jikoni.

Supu ikaja inanukia mchaichai na tui la nazi. Nikanywa kijiko kimoja, nikakiona cha moto. Kumbe moto wa mhudumu ni pilipili, nayo ilishuka mpaka kwenye soksi. Inzi aliyekuwa akipita juu ya bakuli aligeuza njia, akaomba radhi. Lakini ningeachaje, mpishi mzima wa meli? Nikapiga cha pili. Fundi naye akadhani huu ni mtihani wa ukwe, akapiga vitatu. Wazee wawili tukanywa, machozi yakitiririka, mpaka mhudumu akaja kumnong'oneza mwanangu, akiuliza tumefiwa na nani.

Mwanangu, ambaye ujanja kaurithi kwa mama yake, akaona mlango uko wazi.

"Baba," akamwambia fundi taratibu, "umenikubali?"

Fundi sauti hana. Na wakati huohuo bintiye, upande wa pili, alikuwa amemnyanyulia jagi la maji. Fundi akaitikia kwa kichwa, mara nyingi, kama kuku anayedonoa mtama.

Binti akamkumbatia baba yake kwanza, maji yakachelewa. Alipokwisha kunywa, fundi akasema yeye aliitikia maji. Binti akainamisha uso. Mwanangu akaurudisha chini ya meza mkono aliokwisha kumnyooshea fundi. Fundi akawatazama weee, pua ikimchuruzika, halafu mabega yakaanza kumtikisika. Nikadhani ni pilipili, kumbe mzee anacheka.

"Maji na kijana vilikuja pamoja," akasema. "Siwezi kumeza kimoja nikatema kingine."

Kisha akanisukumia bakuli lake.

"Mkwe, mimi nimetoa binti. Wewe toa jasho, malizia na hii."

Nikaimaliza. Mpaka leo pasi nyumbani imelala kabatini. Mama watoto akitaka kunyoosha mashati, hunipa mimi niyapulizie.