Kifungo Kilichobaki

Saa nne asubuhi mafundi wa karakana walizima mashine, wakakaa juu ya mabomba kunywa chai. Redio iliyotundikwa kwenye msumari ilikuwa inauliza wasikilizaji: adhabu ya ubakaji ibaki miaka thelathini, au iwe kifungo cha maisha? Watu walipiga simu. Mmoja alisema maisha. Mwingine akasema kwanza aonyeshwe mtu aliyewahi kuimaliza hiyo thelathini.

"Maisha!" alisema fundi mkuu, akipuliza chai yake. "Tena hayo maisha ni kidogo. Waniite mimi niwatengenezee milango ya gereza, bure kabisa."

Wenzake wakacheka. Walimjua. Kwa mdomo, fundi yule angeweza kufunga nchi nzima kabla ya chakula cha mchana.

Lakini ndiyo hayo, mkuki kwa nguruwe. Mwezi haukuisha, mdogo wake wa tumbo moja, mpiga plasta ambaye alikula kwa kaka yake zaidi ya kwake, alimbaka binti wa fundi, mchana, chumbani mwa binti, mama mtu akiwa sokoni. Binti alikuwa mtu mzima, anasomea kazi ya maabara. Hakunyamaza. Alikwenda polisi kwa miguu yake, akaandikisha, akapimwa, akarudi nyumbani na kumweleza baba yake kila kitu akiwa amesimama. Fundi alilia kama mtoto. Akachukua kipande cha bomba akatoka kumtafuta mdogo wake, na wa kwanza kukutana naye njiani akawa mama yake mzazi.

"Nimezaa wawili tu," alisema bibi. "Mmoja akiozea jela, na wewe jihesabu umeshanizika."

"Mama, yule ni mwanangu."

"Na huyu ni mwanangu. Miaka thelathini, baba! Hata aliyeua wakati mwingine hapewi hiyo. Binti ataolewa, atasahau. Mambo ya nyumbani yaishie nyumbani."

Fundi alirudi na bomba lake. Akaliegemeza ukutani, akaomba maji ya kunywa.

Ndipo siku ya kesi akasimama yeye, akiwa amevaa shati lake la harusini, akasema familia imekaa, imesameheana, na binti mwenyewe ameridhia. Binti alikuwa amekaa benchi la nyuma yake, anautazama mgongo wa lile shati. Hakuwa ameridhia chochote, na hakuna aliyemuuliza. Mwendesha mashtaka alifunua karatasi, akafunika, akalishusha shtaka likawa shambulio la aibu. Hakimu akatoa mwaka mmoja, kifungo cha nje. Baba mdogo alitokea mlango uleule walioingilia wote, akamshika kaka yake mkono kwa mikono miwili.

Asubuhi yake nondo zilikuwa zimeota kwenye dirisha la binti.

Zilitoka ukutani, nyingine juu nyingine chini, zikaungana katikati bila alama ya kuchomelea. Fundi alizigonga kwa nyundo, akasikiliza. Ilikuwa nondo ya milimita kumi na mbili, chuma safi, hakina kutu. Akaleta grinda akazikata zote, akapiga msasa vishina, akaenda kazini. Kesho yake zilikuwa zimerudi, zimekaribiana zaidi. Kabla ya wiki kwisha zikawa zimeshika na mlango.

Jirani alichungulia juu ya ua. "Ukistaajabu ya Musa!" alisema, kisha akaomba vipande vilivyokatwa, maana alikuwa anajenga banda la kuku. Akapewa. Lilikuwa banda imara kuliko nyumba yake.

Kila asubuhi fundi alikata mlangoni nafasi ya kupita mtu, binti akatoka kuoga. Asipofanya haraka, chuma kilianza kuota kwenye mlango wa bafu. Walijaribu kumhamishia kwa mama yake mkubwa. Nondo zikaota huko, mama mkubwa akasema samahani, yeye ana wapangaji. Binti akarudishwa. Chuoni waliambiwa anaumwa. Mama yake alimpitishia chakula katikati ya vyuma, na kwa kuwa bakuli lilikwama na sahani bapa ilipita, nyumba nzima iliacha kula mchuzi.

Fundi akaenda mahakamani kuuliza. Karani wa masijala alimsikiliza huku akipiga mihuri.

"Kifungo hakipotei, mzee wangu," alisema karani. "Sheria imetoa miaka, hakimu akapunguza. Kilichobaki lazima kikae mahali. Kwa kawaida kinakwenda kwa mlalamikaji. Anwani yake tunayo."

"Redioni wanasema wataongeza iwe maisha. Si itasaidia?"

"Mkosaji akikitumikia mwenyewe, itasaidia. Lakini baba akija hapa akasema kama ulivyosema wewe, hakimu atampunguzia tu. Sasa toa mwaka mmoja kwenye maisha. Hicho kinachobaki utakikata na grinda gani?"

"Kwa hiyo wasiongeze?"

"Mimi sijasema wasiongeze. Nasema habari ya kauli yako. Kauli inaweza kufutwa. Unasimama pale pale, mbele ya watu wale wale, unasema binti hakuridhia. Faili linafunguliwa upya. Ijumaa kuna nafasi."

Fundi aliona aibu hata masikio yakamwaka. Aliitikia marahaba, wakati hakuna aliyemwamkia, akaondoka.

Jioni alikaa kwenye kigoda nje ya mlango wa binti yake, akamweleza. Binti alikuwa anasoma, kitabu amekielekeza kwenye mwanga uliopita katikati ya nondo.

"Neno moja, baba," alisema. "Hakuridhia. Sikudai kingine. Hata usipoeleza sababu."

"Nitasema, mama. Haki ya Mungu nitasema."

"Yule anakula vizuri?" binti aliuliza. "Analala na mlango wazi?"

Mkewe, aliyekuwa anasikiliza kutoka jikoni, alisema, "Mwulize vizuri, atakwambia. Jana alikuwa naye kwa mama yake." Fundi akainama akaanza kuokota vumbi la chuma sakafuni, punje kwa punje, kwa vidole.

Ijumaa akavaa lile shati. Mahakama ilijaa. Mama yake alikuwa amekaa benchi la mbele, na mdogo wake pembeni, amemshikia bibi mkoba. Baba mdogo alionekana ametulia. Alikuwa amenenepa kidogo.

"Una neno?" aliuliza hakimu.

Fundi alikuwa nalo. Alikuwa amelirudia njia nzima, hadi mwenye duka la kona akadhani anaimba. Alifungua mdomo. Akamwona mama yake anavua miwani na kuipangusa, taratibu, kama anayejiandaa kuona jambo kwa mara ya mwisho. Mafundi wa karakana nao walikuwepo, wamekuja kumsindikiza, na kila mmoja alikumbuka ile chai. Wangejua kwamba mara ya kwanza alidanganya. Hilo tu. Hilo ndilo lililomshinda.

"Mheshimiwa," alisema, "nilikuja kuuliza kama grili za mahakama hazihitaji rangi."

Hakimu aligeuka akayatazama madirisha. Akasema kweli, zinahitaji, aonane na karani. Karani hakuinua kichwa.

Nyumbani binti alimsikia baba yake akiingia, akivua viatu, akipita kwenye ukumbi bila kusimama. Hakumwita. Asubuhi iliyofuata fundi alipowasha grinda, binti alisema kutoka ndani, "Leo acha, baba. Kelele tu hiyo." Akaizima. Tangu hapo binti alipelekewa na mama yake maji ya kuoga kwenye chupa nyembamba, moja baada ya nyingine, na mihadhara ya chuo akawa anaisikiliza kwa simu aliyopigiwa na rafiki yake akiwa darasani. Bunge lilipitisha kifungo cha maisha, karakana wakashangilia, na fundi akashangilia pamoja nao, maana asiposhangilia wangemuuliza.

Jumapili moja bibi alikuja kula, akamleta na baba mdogo. Alisema haifai ndugu kuonana kwake na mahakamani tu. Mke wa fundi aliweka chakula mezani, akaenda kukaa chini mlangoni kwa binti yake, mgongo kwenye nondo. Baada ya kula, baba mdogo alitoka uani kupunga upepo, akafika chini ya dirisha. Akazishika nondo, akazitikisa, akazikagua kwa jicho la mtu wa majengo.

"Kazi safi hii, kaka," alisema. "Imara. Mtaani kwangu wezi wamezidi, hata usingizi sipati. Na mimi si unitengenezee kama hizi?"

Fundi alitia mkono mfukoni, akatoa futi yake.

"Madirisha yako yana upana gani?" aliuliza.