Mgongo wa Shangazi

Alichokiona kwanza asubuhi ile ni mstari. Ulikuwa mwembamba, mweusi kwa unyevu, umelizunguka kila shina la mafunjo kama mshipi, na chini yake maji yalikuwa yamejishusha upana wa kidole. Ziwa lilikuwa limepungua usiku bila kumuaga mtu. Binti alitabasamu peke yake, akachomeka pondo kwenye tope na kuusukuma mtumbwi taratibu.

Hakumwonyesha shangazi yake. Shangazi alikuwa amekaa mbele, mundu mkononi, kitambaa kichwani, na kama kawaida yake alikuwa anaongea.

"Basi bwana harusi si akaja na viatu vya kuazima! Vinambana, mwanangu, anatembea kama kuku aliyekanyaga kaa la moto. Nikamuuliza mama yake, shoga, mwanao leo anaoa au ameumwa na siafu?"

Binti alicheka bila sauti. Ndivyo alivyocheka siku zote.

Kule walikofunga mitumbwi, shangazi aliitwa Redio, na mpwa wake aliitwa Betri, kwa kuwa yeye ndiye aliyetoa nguvu na hakuwa na la kusema. "Redio na betri yake hao!" wauza samaki walipiga kelele kila walipowaona. Shangazi aliwarudishia maneno ambayo mtu hawezi kuyarudia mbele ya mama mkwe. Binti aliinamisha kichwa na kushika pondo lake.

Kazi yao ilikuwa kukata mafunjo ya kusukia mikeka. Mkataji hukaa mbele, uso kwenye majani, na msukumaji husimama nyuma. Mtumbwi wenyewe ulikuwa mwembamba, tena wenye hasira, mtu akigeuka ghafla unakunywa maji. Kwa hiyo tangu alipoacha shule na kuja kuishi kwa shangazi, binti aliujua mgongo wa shangazi yake kuliko alivyoujua uso wake. Alijua bega la kushoto lilipanda juu kidogo alipodanganya, na shingo ilivyokunjamana alipokaribia kuchekesha. Shangazi naye hakuwahi hata siku moja kuuona uso wa binti wakiwa kazini.

Hilo lilimfaa binti. Shuleni, mwalimu alipomsimamisha kujibu swali, macho ya darasa zima yalimfunga ulimi hata lile jibu alilolijua likakimbia. Mgongo haumkodolei mtu macho.

"Haya, sasa nikupe habari njema," shangazi alisema, akitupa tita la mafunjo katikati ya mtumbwi. "Jumatatu unakwenda kwa dada yako. Nimeshazungumza naye. Atakufundisha cherehani."

Pondo lilisita mkononi mwa binti.

"Wala usinishukuru. Mimi sikuzaliwa jana. Mtu anasimama nyuma yangu miaka yote hii, hapigi hata mluzi! Nikasema, huyu mtoto nimemtesa na matope haya, ananivumilia kwa heshima tu. Binamu yako atashika pondo. Mvivu yule, lakini njaa itamsukuma, na yeye atanisukuma mimi."

"Ndiyo, shangazi," binti alisema.

Neno lilitoka lenyewe, kama linavyotoka siku zote. Likishatoka halirudi, na shangazi aliendelea na mambo ya bwana harusi.

Binti alikijua chumba cha dada yake. Kilikuwa kipana kiasi cha kutosha cherehani mbili na watu wa kugombana. Sare za shule zilining'inia mpaka usoni, hewa ilinuka pasi, na dirisha lilifunguka kwenye ukuta wa jirani. Wateja waliingia bila hodi wakamtazama kuanzia unywele hadi kidole cha mguu. "Huyu ndiye mdogo wako? Mbona haongei? Ana nini?" Dada alikuwa mwema, na angemlisha vizuri. Ila kule kila mtu angekaa mbele yake.

Alisukuma. Maji yaliteleza pembeni mwa mtumbwi yakisema neno lao lile lile la polepole. Mafunjo yaliachana, wakaingia kwenye uwazi mdogo ambao upepo haukuufikia.

Hapa maji yalilala kabisa. Mawingu yalikuwa chini, vichwa vya mafunjo vilikuwa chini, na mtumbwi ulionekana kama umewekwa juu ya anga na mtu mwenye mkono mwepesi. Ndege mwenye vidole virefu alipita juu ya majani ya yungiyungi, akiinua mguu kama anayeogopa kuamsha mtoto. Chura asiyezidi ukucha alikuwa amekaa juu ya jani lake, akipumua. Kila siku, binti akifika hapa, mawazo yake yalituama kama maji ya matope yaliyoachwa kwenye ndoo, na kilichobaki juu kilikuwa safi. Hata marehemu mama yake, ambaye nyumbani hakuweza kumkumbuka bila kulia, hapa alikuja tu, akakaa naye kidogo, akaenda.

Mtumbwi ulisimama.

"Umekwama tena?" shangazi aliuliza bila kugeuka. "Kila siku hapa hapa! Hapa pana tope au pana gundi?"

Siku nyingine binti angejibu ndiyo, na baada ya kitambo wangeendelea. Leo alikuwa anamtazama yule ndege na kufikiri kwamba binamu yake angepita hapa akipiga miayo.

"Subiri nikusaidie kulivuta hilo pondo. Mtu anakaribia kuondoka, atanivunjikia kiuno bure."

Shangazi aliweka mundu chini. Alishika kingo mbili za mtumbwi, akaanza kujigeuza, kalio moja, kisha jingine, akiguna na kumwomba Mungu. Mtumbwi uliyumba. Maji yakaruka ndani, yakalowesha matita na miguu ya binti. Mwishowe akawa amegeuka, kitambaa kimemshuka kwenye jicho.

Pondo lilikuwa limelazwa juu ya mtumbwi, linachuruzika. Halikuwa kwenye tope wala karibu na tope. Na binti hakupata nafasi ya kuuficha uso wake, uliotulia kama maji yale.

Redio ilizimika.

Shangazi alitazama pondo, akamtazama mpwa wake, akatazama pembeni, kwenye maji na yule ndege, kisha akarudi tena kwa mpwa wake.

"Pondo si hili hapa," alisema kwa sauti ndogo. "Sasa tumekwama na nini?"

Binti alitazama miguu yake iliyolowa.

"Na hiyo sura. Huko nyuma ndivyo unavyokuwa siku zote?"

Mviringo mdogo ulipanuka majini, ukagusa mafunjo, ukapotea. Shangazi alisubiri. Hakuwahi kusubiri kitu bila kusema, na ilionekana inamuumiza. Alikuwa na kidoti cheusi chini ya jicho, na macho yake yalikuwa na wasiwasi, macho ya mtu aliyempa mwenzake zawadi akaona haipokewi. Si macho ya darasa zima. Yalikuwa macho ya mtu mmoja tu.

Binti alimtazama machoni.

"Hatujawahi kukwama, shangazi. Huwa nasimamisha mwenyewe, nitazame. Sijachoka. Nikinyamaza huko nyuma ni kwa sababu nina raha mpaka maneno yananiishia. Mwambie dada nimeshukuru, lakini sitaki kwenda. Nataka kukaa huku majini, na wewe."