Upande wa Pili, Wimbo wa Mwisho

Mama Vifungo aliifuta meza mara ya tatu, ingawa haikuwa na vumbi, ndipo akamruhusu wifi yake aitue gramafoni pale katikati, mbali na mkasi.

"Wifi, tunapokea gramafoni au tunapokea mkwe?"

Mama Vifungo hakucheka. Kazi yake ilikuwa kutoboa matundu na kushona vifungo kwa ajili ya mafundi cherehani wa mtaa mzima, na macho yake yalizoea kukitazama kitu kidogo mpaka kitoe siri yake. Leo kitu chenyewe kilikuwa santuri moja ya nyimbo za sinema, aliyoiacha marehemu mumewe.

Marehemu alikuwa mwendesha mashine katika jumba la sinema. Picha ile yenye nyimbo aliionyesha miezi saba mfululizo, mara mbili kwa siku, na ilipoondolewa akainunua santuri yake. Mama Vifungo picha hiyo hakuiona. Kabla ya kuolewa alimwekea mama yake nadhiri kwamba mguu wake hautakanyaga sinema, na mumewe alilikubali hilo siku ya posa bila kununa. Lakini kila alasiri, akichukua mkoba wa kazi, mume aliuimba puani wimbo wa mwisho wa upande wa pili. Na kwenye jalada la santuri kulikuwa na mwanamume mwenye sanduku la safari mkononi, amesimama chini ya dirisha.

Mama Vifungo akajumlisha mwenyewe: huo ni wimbo wa mtu anayemwacha mkewe. Wao hawakujaliwa mtoto. Basi kwa nini auimbe kila siku mlangoni? Miaka ishirini na sita hakuuliza. Aliyekataa kuingia, angeulizaje ya ndani? Sasa mume yuko kaburini, na swali limemkaa kooni kama mwiba wa samaki.

Wa kumjibu alikuwa huyu dada wa marehemu, aliyekuwa akikata tiketi mlangoni mwa jumba lile lile la sinema na kuitazama picha bure mpaka viti vikamjua. Naye kesho kutwa anahamia kwa mwanawe, safari ya siku mbili. Gramafoni, iliyokuwa imekufa tangu msiba, ilitoka kwa fundi redio asubuhi ile.

"Nataka uniambie kila wimbo unaimbwa wapi," alisema Mama Vifungo. "Na usinitilie chumvi."

"Mimi na chumvi wapi na wapi!"

Sindano ikashuka. Tarumbeta zikalia. Lugha ya nyimbo hakuna aliyeijua kati yao, lakini wifi mtu alianza kutikisa mabega.

"Hii harusi!"

"Harusi mwanzoni?"

"Ndiyo... ngoja." Wimbo wa pili ukaingia. "Hapa yule dada wa kwenye picha anafua mashuka ya hoteli. Bado hawajajuana na yule wa sanduku."

"Wameoana, kisha ndio wajuane?"

"Wifi, usinichanganye! Harusi iko mbele huko. Hawa watu wa santuri wamepanga ovyo."

Mama Vifungo akainuka, akaleta kopo lake la vifungo. Kila wimbo akaupa kifungo: cheupe cha mashuka, chekundu cha ugomvi na mwenye hoteli, kikubwa cheusi cha harusi.

"Harusi nyeusi?"

"Ndicho kikubwa kilichopo. Endelea."

Wifi akawa anakumbuka, anakosea, anajisuta, na kidole cha Mama Vifungo kinasogeza vifungo huku na huku. Kufika katikati ya upande wa pili, sinema nzima ilikuwa imejipanga mezani. Mwanamume kazi yake ilikuwa kurekebisha vinanda, mji hadi mji, na sandukuni mlikuwa na vifaa vyake. Mama Vifungo alijikuta ameegemea mbele, anauliza kwa nini mwenye hoteli hakutaka kinanda chake kiguswe, na kama yule dada alikuwa na mama mzazi. Mara ukaja ule wimbo wa mwisho, taratibu, sauti ya mwanamume peke yake. Mkono wa Mama Vifungo ulibaki juu ya kifungo kisicho na mahali.

"Huu," alisema wifi, "unaimbwa mara mbili. Mara ya kwanza anafika mjini usiku, hana pa kulala, anayaimbia madirisha. Hakuna anayefungua. Mara ya mwisho amerudi, anaimba chini ya dirisha la yule dada."

"Amerudi? Haondoki?"

"Aende wapi! Amemfuata mke."

Mama Vifungo alivuta pumzi ndefu, lakini hakuridhika. Mtu wa vifungo haachi uzi ukining'inia. "Na huu wa hapa ni upi kati ya hiyo miwili?"

"Ule wa mwisho, yule dada anaji..."

Santuri ikakwama. Kilio kile kile, kilio kile kile. Palikuwa na mkwaruzo, na marehemu siku zote alipofika hapo aliinyanyua sindano. Mama Vifungo akachukua kifungo kizito cha shaba, akakiweka juu ya kichwa cha sindano. Ikaruka mkwaruzo, ikapita.

Sauti ya mwanamke ikajibu.

Wimbo ukaisha, sindano ikaanza kusaga mahali patupu.

"Ndio hapo," alisema Mama Vifungo polepole. "Kaka yako alikuwa akifika hapo ananyamaza. Mkono kwenye kitasa. Nilidhani anakumbuka funguo."

"Labda alizoea mkwaruzo tu, wifi."

"Miezi saba, mara mbili kwa siku, aliusikia mzima. Alijua kuna wa kujibu."

Wifi akasema kwamba kule juu kwenye chumba cha mashine marehemu aliimba sehemu zote mbili, ya mwanamume na ya mwanamke, na sauti yake ya kike ilikuwa kama mlango usiotiwa mafuta.

Mama Vifungo akapandwa na hasira, machozi yakimtoka. "Miaka yote hiyo mtu anakuimbia nusu, hakwambii kuna nusu nyingine!"

"Angekwambia, ungeimba? Wewe, wimbo wa sinema?"

Alifikiri kwa haki, kama anayejibu mbele ya Mungu.

"Nisingeimba," alisema. "Lakini ningemfungulia mlango mwenyewe."

Akajifuta uso kwa pindo la kanga, akasogeza kiti.

"Irudishe pale mwanamke anapoingia. Anasema nini huyo?"

"Sijui, wifi. Hata kaka hakujua."

"Basi irudishe hivyo hivyo."