Pampu Iliyosahaulika Kifuani

Mhandisi wa mazingira, aliyezeekea kwenye kazi ya kupima moshi wanaouvuta watu, jana alisahau kuzima pampu yake ndogo anayoivaa kifuani kukusanya sampuli za hewa kiwandani, akarudi nayo nyumbani ikinguruma kifuani. Mama yake alimcheka: "We mwanangu, umemeza paka?"

Leo ameweka kichujio cha pampu chini ya hadubini huku akifoka. Sampuli ya kiwandani imeharibika, kazi bure! Alipochungulia, akapigwa na butwaa. Katikati ya masizi ulilala uzi mwekundu wa sweta la mama, chembe za unga aliokuwa akiuchekecha, na vigamba vya ngozi yao wote wawili. Maisha yake yote, kwa kila pumzi, alikuwa akimvuta mama yake ndani, akidhani ni hewa tu.